Mwaka Tuliomtoa Kiroba Nje

Wifi yangu Sesilia alitoka Mwimbi mwaka jana kuja kutibiwa macho, akakaa kwangu hapa Kizwite karibu kipupwe chote. Hatukuwa tumelala chini ya paa moja tangu alipoolewa, na sasa sote ni vikongwe, yeye kafungwa kitambaa jicho moja, mimi magoti yananigomea. Kwa kuwa hakuweza kushona wala kuchambua maharage, kazi yake ikawa kuongea, nami nikawa msikilizaji huku nachochea moto. Jioni moja mtoto wa mbwa wa jirani alilia uani kwao, kile kilio chembamba cha mbwa aliyeachwa peke yake kwa mara ya kwanza. Sesilia akanyamaza katikati ya maneno. Kisha akasema, "Tumpe, unamkumbuka Kiroba? Yule aliyekuwa anaogopa upepo?" Akacheka mpaka akalishika jicho lake kwa maumivu. Mimi nilicheka kidogo, nikaingia ndani nikajifanya natafuta chumvi. Nilisimama karibu na kabati muda mrefu, nimerudi kuwa bibi harusi mbichi, nyumbani kwa wakwe zangu Kasense, mwaka wa vita.

Habari ya mbwa yule haieleweki bila kueleza kwanza nilivyofundishwa kuolewa. Kwetu Rungwe, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Hapiti njia anayopita yeye. Akimwona anakuja, anaacha njia, anajifunika khanga, anageukia migomba mpaka mzee apite. Jina lake halitaji, na ndiyo maana hapa pia sitalitaja. Nitamwita Mzee, kama nilivyomwita moyoni. Hiyo kwetu ndiyo heshima, na mama alinifundisha mapema, kama vile wengine wanavyofundishwa kunawa mikono kabla ya kula. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba Ufipa hakuna migomba ya kujifichia. Ufipa ni nyasi na mbingu. Mtu akitokea upande wa pili wa bonde unamwona, naye anakuona, na mnaendelea kuonana mpaka mkutane. Na wenyeji wa huko hawakuwa na mila yetu ile. Mkamwana wao hupiga magoti, husema "Shikamoo, Baba," huitikiwa, kisha kila mtu hushika kazi yake. Mimi nilikuwa nakimbia.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba vitatu na paa la nyasi, jiko likiwa peke yake uani, na kihenge cha ulezi kando ya jiko. Mama mkwe alikwisha fariki kabla sijafika. Tulikuwa Mzee, mume wangu Leonsi aliyekuwa dereva wa lori la mazao, Sesilia aliyekuwa bado anasoma, na mimi. Chumba chetu kilipakana na chumba cha Mzee, na ukuta haukufika juu, kwa hiyo maneno yalipita kama moshi. Asubuhi moja nilikuwa nakunja shuka nikasikia, "Leonsi, mkeo ana nini na mimi?"

"Hana kitu, Baba. Ndiyo mila yao."

"Mila gani ya kumkimbia mtu kama nyoka? Jana nimeingia uani, kaangusha sufuria, kakimbilia nyuma ya kihenge. Kama nyumba yangu haimfai, aseme."

"Baba, anakuheshimu."

"Basi aniheshimu kidogo kidogo."

Leo nikikumbuka jibu lile nacheka. Siku ile nililia ndani ya shuka. Nilijua kwamba mzee wa watu ameumia, na sikuwa na namna ya kumweleza, maana kumweleza kulitaka nisimame mbele yake.

Mvua za kwanza zilipoanza, redio ilisema nchi imevamiwa kule kaskazini, na malori yakaanza kuchukuliwa pamoja na madereva wake. Leonsi aliambiwa asubuhi, akapewa nafasi ya kuja kuaga mchana. Alikuja na kiroba kimefungwa mdomo, akakiweka katikati ya chumba chetu, kikajikunja chenyewe. Ndani mlikuwa na mtoto wa mbwa wa rangi ya udongo, masikio makubwa kuliko kichwa. Alizaliwa ghalani mjini, nyuma ya magunia ya mahindi, na mama yake alikanyagwa na gari kabla hajamtoa nje hata mara moja. Hakuwahi kuona jua. "Nimekuletea mtu wa kuongea naye," Leonsi akasema. Alitaka kucheka, akashindwa. Alinishika kichwa kwa mikono yake miwili, akatoka akapiga magoti mbele ya baba yake kupokea baraka, nami nilisikiliza kupitia ukuta. Kisha lori likaondoka, na mtoto wa mbwa akaingia chini ya kitanda.

Alikaa huko. Sesilia alimwita Kiroba kwa sababu ya kile kiroba alimoletwa, na jina likashika. Ndani ya chumba, dirisha likiwa limefungwa, alikuwa mbwa kama mbwa wengine: alitafuna ndala zangu, alifukuza mkia wake, alilala juu ya miguu yangu. Lakini ukifungua mlango wa uani alijikojolea. Kuku walimtisha, na kamba ya nguo ikicheza ilimtisha zaidi. Kilichomshinda kabisa ni upepo, ule upepo wa Ufipa usiopumzika, unaokuja kutoka mbali bila kitu cha kuugonga. Ulipomgusa puani alilala kifudifudi kama anayetaka kuingia ardhini. Nilimbeba siku moja mpaka kisimani nikidhani atazoea kwa nguvu. Alinichana mkono, akaruka, akarudi mbio nyumbani akipiga kelele kama anachinjwa, na wanawake wote kisimani wakasimama kumtazama.

Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Vijiji vya jirani kulikuwa na kichaa cha mbwa, na mtu mmoja alikuwa ameng'atwa akafa. Wanawake walisema nyumbani kwa Mzee kuna mbwa anayejificha gizani, anayetetemeka, anayewaka macho ukimsogelea. Haikuchukua muda mjumbe wa nyumba kumi akaja. Nilikuwa jikoni, nikamsikia akikataa kiti.

"Mzee, bwana mifugo atakuja ofisi ya kijiji kuchoma mbwa sindano, ulezi ukianza kutoa masuke. Kila mbwa apelekwe. Atakuja na mgambo mwenye bunduki. Mbwa ambaye hajaletwa, au ameletwa anaonekana mgonjwa, unajua mwenyewe."

"Huyu si mgonjwa. Ni mwoga."

"Mimi na wewe tutajuaje? Mgambo atajuaje?"

Mjumbe aliondoka. Nilisubiri aseme mbwa auawe mapema tumalize fedheha. Angeweza, nyumba ilikuwa yake. Badala yake nikasikia kigoda chake kikiburutwa mpaka karibu na mlango wa chumba chetu, kwa nje. Kisha sauti yake, ya taratibu, ikazungumza na mtu aliyekuwa chini ya kitanda.

"Kiroba. Mwambie mama'ako asikubebe tena. Mtoto akibebwa hajui njia imepita wapi. Mwambie leo afungue mlango tu, basi. Usitoke. Tazama jua, uchoke kulitazama."

Nilikuwa nimetoka jikoni, nimezunguka nyuma ya nyumba, nimeingia chumbani kwa mlango wa ndani. Hakuniita, hakuniangalia, hakunitaja. Alikuwa anaongea na mbwa, na mila yetu haikusema lolote kuhusu mbwa. Nikajifunika khanga, nikageukia ukuta, nikasema, "Kiroba, mwambie babu'ako umesikia."

Kisha Mzee akakohoa, na kile kikohozi, nilikuja kujua baadaye, ndicho kilikuwa kicheko chake.

Tangu siku ile tukawa na mazungumzo. Asubuhi Sesilia akienda shule, Mzee alikaa kigodani uani, mimi nikakaa ndani ya kizingiti nimegeukia ukuta wa pembeni nisimwone yeye wala ua, Kiroba akiwa mgongoni kwangu, na mlango uko wazi. Niliweka kichwa cha dagaa kizingitini na kingine mbele kidogo. Nilikuwa nikimwita Kiroba, nikimbembeleza, nikimgeukia mara kwa mara kuona kama anakuja, naye kila nilipomgeukia alirudi nyuma. Siku moja nilichoka, nikaacha kumwita. Nikawa nachambua maharage tu, uso ukutani kwa sababu ya Mzee, akili iko kwa Leonsi. Nikasikia kitu chenye unyevu kimegusa kisigino changu. Kwa pembe ya jicho nikamwona Kiroba amenipita, ametoka, amesimama uani kwa miguu yake minne anatafuna dagaa, na upepo unamfunua masikio.

"Usigeuke," Mzee akanong'ona. Alisahau kumtumia mbwa. Sikugeuka. Tulikaa hivyo, watu wawili tumeshika pumzi kwa ajili ya dagaa mmoja, mpaka jogoo akapiga mbawa na Kiroba akarudi ndani kama mshale.

"Kiroba," Mzee akasema baadaye, na safari hii alisema polepole kuliko kawaida, "kumbe wewe ukipewa mgongo ndiyo unatulia. Ukitazamwa unaona unawindwa." Akaongeza, "Mwambie mama'ako nilikuwa sijui. Nilidhani mtu akikupa mgongo amekukataa."

Nikasema, "Kiroba, mwambie babu'ako hapana." Ndilo neno pekee lililotoka, nalo lilitosha, kwa maana kuanzia jioni ile redio ilihamia dirishani. Kabla ya hapo Mzee alisikiliza taarifa ya habari chumbani kwake, nami nikibana sikio ukutani. Sasa aliiweka kwenye dirisha linaloelekea jiko, akaongeza sauti, akakaa upande wa pili. Tulisikia habari za vita pamoja, yeye nje, mimi ndani, harufu ya maharage katikati yetu. Betri zilikuwa hazipatikani dukani, kama sabuni na sukari. Alizianika juani kila mchana kama mtu anayeanika samaki, akapata taarifa moja zaidi, na nyingine. Majina ya miji ya kule yalipotajwa alimwuliza Kiroba kama mama yake ameisikia ile, na Kiroba akajibu kwa kinywa changu kwamba ameisikia, na kwamba hawakusema lolote kuhusu malori.

Siku nzuri zilikuwepo. Tulimtoa mpaka kwenye kihenge, kisha mpaka kwenye matuta ya nyasi ya mviringo, yale Wafipa wanayoyaita ntumba, akagundua kwamba ukichimba tuta unakuta panya. Lakini kulikuwa na tatizo ambalo hatukulitegemea. Kiroba alikuwa amejifunza kutoka nje akiwa na watu wawili, na mmoja wetu akikosekana aligoma. Nikienda naye peke yangu, alifika mwisho wa ua akakaa chini akitazama nyuma. Mzee akienda naye peke yake, hivyo hivyo. Ofisi ya kijiji ilikuwa mbali, kupita mashine ya kusaga na barabara kuu. Kwa hiyo ikabidi baba mkwe na mkamwana watembee njia moja, jambo ambalo mama yangu angelisikia angeketi chini.

Tulipanga kupitia mbwa, kama kawaida. Mimi ningetangulia, nisigeuke. Yeye angefuata kwa mbali. Kiroba angekuwa katikati. Na ndivyo tulivyoonekana asubuhi baada ya asubuhi, mvua ikikatika: mwanamke aliyejifunika khanga mpaka machoni, nyuma yake mbwa mdogo anayekimbia mbele na nyuma kuhakikisha wote tupo, nyuma kabisa mzee mwenye koti na fimbo akiongea peke yake. "Kiroba, hiyo ni baiskeli, haili watu." "Kiroba, mwambie mama'ako apunguze mwendo, babu ana miguu ya zamani." Watu walitoka milangoni. Wanawake wa kisimani waliniita Mama Kiroba, kwa dhihaka mwanzoni. Mashine ya kusaga ilituchukua muda mrefu sana. Tulisimama mbali nayo, siku nyingine karibu zaidi, mpaka Kiroba akaweza kulala kivulini mwa magunia ya watu huku inanguruma, labda kwa sababu harufu ya mahindi ilimkumbusha kwao.

Kisha likapita lori. Lilikuwa limejaa vijana wa mgambo, wanaimba na kupiga debe, na mimi nilipoliona nilisimama katikati ya barabara kwa sababu lilifanana na la Leonsi. Halikuwa lenyewe. Lilipotupita Kiroba hakuwepo. Tulimtafuta katika mahindi yaliyokwisha kunizidi kimo, kila mtu upande wake. Nilimsikia Mzee akiita, sauti inakatika kwa pumzi, "Kiroba! Kirobaa! Babu yuko hapa!" na sijawahi kusikia mtu mzima akiita mnyama kwa uchungu namna ile. Nilijua hakuwa anamwita mbwa peke yake. Nami nikaketi chini kati ya mistari ya mahindi, nikalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu Leonsi aondoke, kwa kuwa niliona hakuna wa kunisikia. Kiroba alinisikia. Alikuja akitambaa na tumbo, matope mpaka masikioni, akaweka kidevu juu ya goti langu. Nilimpandisha kifuani nikapaza sauti, "Yupo! Yupo huku!" bila kumtumia mtu yeyote.

Siku ya sindano ilifika kukiwa na jua na upepo. Mbele ya ofisi palijaa mbwa wa kila namna, wengine wamefungwa kamba, wanabwekeana, watoto wanawachokoza. Bwana mifugo alikuwa kijana mwenye buti za mpira, mstaarabu, amechoka. Mgambo alikaa kando, bunduki magotini. Tulifika kwa mpangilio wetu, na kwa muda kidogo nilidhani tumeshinda. Kisha mbwa mkubwa mmoja akakata kamba. Kiroba alirudi nyuma mpaka ukutani, akatetemeka mwili mzima, akaonyesha meno, mate yanamtoka. Mtu akapiga kelele, "Huyo! Huyo ndiye wa kichaa!" Watu wakaachia nafasi. Mgambo akasimama.

"Ondokeni karibu naye," akasema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona mtu akifa kwa ugonjwa ule.

Mzee hakubishana. Alitembea polepole mpaka karibu na ukuta, akavua kofia, akaketi chini vumbini na koti lake la kanisani, akampa Kiroba mgongo. "Mama'ake Kiroba," akaita bila kugeuka, "ukiweza."

Kijiji kizima kilikuwa kinatazama. Niliona haya iliyonichoma mpaka masikioni. Nilikwenda nikaketi kando ya ukuta, mgongo wangu ukielekea mgongo wa Mzee, pakiwa na nafasi ya gunia moja kati yetu. Nikafumba macho. Mbwa wengine walipungua kubweka, au mimi niliacha kuwasikia. Halafu nikahisi kitu chenye joto kimejipenyeza katikati, kimejibana kati ya migongo yetu. Moyo wake ulikuwa unanipiga ubavuni kwa kasi. Upande wa pili, najua, ulikuwa unampiga Mzee.

"Mpeni maji, wa kichaa hawezi kuyanywa," bwana mifugo akasema. Mtu akaleta bakuli, nikalisogeza nyuma bila kutazama. Tukasikia ulimi: lapu, lapu, lapu. Mgambo akaketi tena. Bwana mifugo alikuja akachuchumaa, akamchoma sindano hapo hapo alipokuwa, na Kiroba akalia mara moja tu, kama mtoto aliyekanyagwa. "Mbwa mzima kabisa," kijana akasema. "Ila ninyi ndiyo sijaelewa mnafanya nini." Watu wakacheka, nasi tukacheka, yeye akitazama mashariki, mimi magharibi.

Baada ya hapo Kiroba hakutuhitaji sana. Alianza kwenda kisimani na mimi peke yangu, kisha mashambani na Mzee peke yake, kisha na mbwa wenzake bila mtu yeyote, akarudi jioni amejaa makapi. Vita vikamalizika redioni. Tukavuna mahindi, tukavuna ulezi, kipupwe kikaingia na baridi yake inayopasua midomo, na malori mengine yakaanza kurudi. La Leonsi halikurudi. Mzee akaacha kuanika betri. Jioni tulikaa, yeye nje, mimi ndani, Kiroba mlangoni, na hakuna aliyemwambia Kiroba amwambie mwenzake kitu.

Ilikuwa mchana, Sesilia yuko shule, mimi jikoni nasonga ugali wa ulezi. Nilisikia gari limesimama barabarani, sauti za wanaume, kisha gari likaondoka. Nyayo za Mzee zikaja uani. Nilitegemea zisimame kwenye kigoda, hazikusimama. Zilikuja moja kwa moja mpaka mlango wa jiko, mahali ambapo hakuwahi kufika tangu niingie nyumba ile. Nikageukia ukuta.

"Kiroba," akaita.

Mbwa hakuja.

"Kiroba!"

Kiroba alikuwa ng'ambo ya bonde, anafukuza panya katika mabua. Tulimsikia akibweka kwa mbali, kwa furaha, na mbwa wengine wakimjibu. Nilimsikia Mzee akipumua. Pumzi ilikuwa inamwingia na kumtoka vibaya.

"Hayupo," nikauambia ukuta.

"Hayupo," akasema. Akasimama pale. Mwiko ulikuwa mkononi mwangu na sikuweza kuusogeza. Nilisema moyoni, kama ni msiba, asiseme. Asubiri mbwa arudi.

"Basi, mwanangu," akasema. "Leonsi mzima. Dereva mwenzake amemwacha Tabora, anatengeneza gari. Yuko njiani anakuja."

Sikukata shauri kugeuka. Niligeuka tu. Nilikuwa na karibu mwaka mzima nikiishi na sauti ile, na nilikuwa nimeitengenezea uso mkubwa, mkali, wa mtu mrefu. Mlangoni alisimama mzee mwembamba, mdomo wake ni wa Leonsi kabisa, masikio yamesimama pembeni, kofia ameikunja mkononi. Machozi yalikuwa yanashuka mpaka kidevuni naye hayafuti. Alinitazama. Halafu yeye, mwenye nyumba, akaona haya kama mwari, akainamisha macho yake chini kabla sijainamisha yangu.

"Ugali unaungua, mwanangu," akasema.